Mama Henri

Kwanza ilikuwa harufu ya pudre, ile poda ya uso ya Kizungu. Waridi aliisikia saa saba mchana, akinyonyesha katika chumba cha chini cha nyumba ya orofa ya Mzungu wa pamba, pale Lweba, ambayo mumewe Zuberi aliilinda. Hakuna aliyejipaka pudre humo tangu 1953, Madamu, mke wa Mzungu, alipokufa siku moja na kichanga chake, Henri, na Mzungu akafunga chumba cha juu, akahamia Usumbura. Watu walisimulia mengi juu ya nyumba ile: pazia linalojifungua, kitanda cha mtoto kinachobembea peke yake. Waridi aliwacheka. Wivu wa bati na saruji, basi.

Mtoto wake alikuwa na siku tano. Jina angepewa siku ya saba, na mpaka hapo Waridi hakuwa mama fulani, alikuwa Waridi tu.

Sauti ya kike ikaita kutoka juu: "Mama Henri!"

Hakujibu. Jioni alimweleza mama mkwe wake, Rehema.

"Uliitika?" Rehema alinong'ona.

"Hapana, mama. Tutoke humu, naogopa."

"Muzazi hatoki mbele ya siku saba kutimia. We nyamaza tu. Mutoto hana jina bado. Ukiitika, umekubali yeye iko Henri, na Henri iko na mama yake."

Siku ya sita, saa ileile, ngazi zikaanza kulia, hatua moja, kimya, hatua nyingine, na pudre ikamjaa Waridi kooni, akamkumbatia mtoto na kuuma kanga asije akatoa sauti, na hatua zikafika mlangoni zikasimama, na kimya kikawa kirefu hata uchovu wa usiku kucha bila usingizi ukamshinda, macho yakafumba, na hapo mkono ukamgusa bega taratibu, na sauti ya Rehema mwenyewe ikasema, "Mama Henri, mutoto analia."

"Namusikia, mama," Waridi akajibu.

Alipofumbua macho, hakukuwa na mtu. Mtoto alikuwa ameachia titi, anatazama juu ya bega lake.

Kesho yake Mwalimu Swedi wa msikitini alimwadhinia mtoto sikioni, akamwita Yusufu, akafukiza ubani na kusoma Kurani chumba kwa chumba mpaka jasho likamtoka. Sauti ikakoma. Watu wakala mbuzi, wakashukuru.

Lakini Yusufu hakushika tena titi. Uji wa kijiko aliutema. Siku ya nne baada ya kupewa jina maziwa ya Waridi yalikauka, naye akalia kama aliyefiwa. Siku ya kumi Rehema alimbeba mjukuu wake, akampima mikononi, akainua macho kuelekea chumba cha juu.

Mtoto alikuwa ananenepa.