Shati la Njano la Anguyo

Faili lilikuwa limelowa. Kabati kavu, sakafu kavu, mvua yenyewe haijaonekana Arua wiki ya pili sasa, lakini faili la shauri la mgodi lilikuwa chepechepe, na maji yake mekundu. Madinah alilipangusa kwa kanga, akalianika dirishani, akajiambia ni panya. Panya gani huyo, jamani, anayekojoa matope? Lakini ndivyo alivyojiambia, akaendelea na kazi.

Alikuwa karani wa Haji Hamdani, tajiri wa mtaa wa Oli pale Arua, mwenye shimo la dhahabu nje ya Koboko. Miezi sita nyuma mkaguzi wa migodi alikuta kuta za shimo zimesimama bila nguzo hata moja, akaandika faini. Barua ikaja: jibuni ndani ya siku thelathini. Madinah aliipokea kwa mkono wake na kusaini kitabu cha tarishi. Haji akaisoma, akaisukumia kwenye droo, basi. Siku zikaisha, hakuna aliyejibu, faini ikathibitishwa bila wao kusikilizwa na shimo likafungwa kwa mnyororo.

Haji hakuwa mvivu wa kujibu. Aliogopa kuitwa, maana angeitwa angeulizwa juu ya Anguyo, mchimbaji wake mmoja.

Pale shimoni wana desturi yao. Chini kuna joto la kuua, kwa hiyo kila anayeshuka anavua shati na kulitundika kwenye waya mdomoni mwa shimo, akipanda, analivaa. Jioni msimamizi hasomi majina, anatazama waya tu. Siku ukuta ulipoporomoka, mashati yote yalivaliwa isipokuwa moja, la njano. Haji akatangaza kwamba Anguyo amevuka kwenda Kongo. Akalileta lile shati Arua ndani ya mfuko, akalifungia kwenye kabati la ofisi, na mkaguzi alipofika wiki iliyofuata alikuta waya mtupu. Madinah aliliona shati. Alinyamaza, na aibu ile alikuwa nayo kifuani kila siku, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akipeleka mishahara Jumamosi, na Anguyo alikuwa akiinama mezani pake kila mara na kucheka: "Dada, andika mimi vizuri. Usiruke jina langu."

Sasa dhahabu imepanda bei, na Haji anataka shauri lifunguliwe upya. Ili likubaliwe, lazima mtu aape kwamba barua ile haikufika.

"Wewe ndiyo karani," Haji alimwambia. "Sema tu barua hukuona."

"Haji, nilisaini kitabu cha tarishi."

"Kitabu iko wapi? Nani atakitafuta? Shimo likifunguka, Muzamili wako anarudi kazini. Ama unataka akae tu nyumbani akihesabu mabati?"

Hapo alimshika pabaya. Muzamili alikuwa mdogo wake wa pekee, naye alikuwa akichimba pale shimoni. Mama yao alipofariki, Madinah ndiye aliyemlea, akamlisha, akamlipia ada. Kijana alikuwa amekaa karibu miezi mitano bila kazi na amekonda. Madinah alikwenda kwa wakili, akaweka mkono juu ya Msahafu, akaapa. Akarudi ofisini.

Mchana uleule, jua likiwa utosini, chini ya kiti chake kuligongwa. Ko. Ko. Ko. Mara tatu, kisha kimya. Ndivyo wachimbaji wanavyogonga mwamba wakitaka kuvutwa juu. Madinah aliinua miguu kutoka sakafuni, na harufu ikaja polepole, ya jasho la mtu na udongo mbichi, ikajaa chumba, na alipotaka kukimbia aliona maji mekundu yakitoka chini ya mlango wa kabati, yakimfuata taratibu kwenye saruji ambayo haina mteremko hata kidogo.

Kesho yake alimwita Sheikh Lukumani, mzee anayesomea watu wenye majini. Sheikh alisoma, akanyunyiza maji kila pembe, akafika kwenye kabati na kusimama.

"Hii si jini," alinong'ona. "Hii ni mutu. Mumefungia kitu yake humu."

Madinah akamwambia yote, akilia.

"Basi sikia, binti yangu. Anataka kuhesabiwa. Rudisha shati pale lilipotolewa. Halafu nenda kwa wakubwa, futa kiapo chako, sema huyu mutu aliingia na hakutoka. Yote mawili. Ukifanya moja, umemfungulia mlango tu."

Madinah alianza na lililo rahisi. Alikwenda Koboko, akalitundika shati la njano kwenye waya, akaomba msamaha, akaondoka bila kugeuka. Tangu siku hiyo ofisi ilitulia. Faili likakauka. Akalala usingizi wa kweli, akaanza kula. Kufuta kiapo je? Wallahi aliogopa jela. Kwani si kumeshatulia? Wiki ikapita, ya pili ikapita. Shauri likafunguliwa upya, na mnyororo ukaondolewa wakati wakingoja kusikilizwa.

Jumamosi ya kwanza alipeleka mishahara kama zamani. Ilikuwa saa tisa, jua kali. Kwenye waya palikuwa na mashati saba: sita ya waliokuwa chini, na lile la njano ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa. La mwisho lilikuwa jezi nyekundu ya Muzamili, ambayo Madinah alimnunulia sikukuu ya Idi.

Watu wakaanza kuvutwa juu. Wa kwanza akavaa shati lake, wa pili lake, wa tatu, wa nne, na Madinah akawa anahesabu kwa midomo bila sauti, wa tano, na kamba ikazidi kukaza na kulia kwenye gurudumu kana kwamba mzigo wake umekuwa mzito kuliko mtu mmoja, mpaka kichwa kikatokea, na mabega, na alikuwa Muzamili, kovu lake lilelile la nyusi, mzima, Alhamdulillahi, na machozi ya furaha yakamtoka dada yake, na Muzamili akaenda kwenye waya, akaipita jezi nyekundu, akachukua shati la njano, akalivaa, akafunga vifungo vyote.

"Muza," Madinah aliita. "Shati lako lile pale."

Alikuja mezani, akainama, na harufu ile ya ofisini ikaja naye.

"Dada," alisema, akicheka. "Andika mimi vizuri. Usiruke jina langu."

Madinah alitazama waya. Jezi nyekundu ilikuwa imebaki peke yake. Kisha, chini kabisa ya miguu yake, mtu akaanza kugonga, mara tatu, haraka haraka, kama Muzamili alivyokuwa akigonga mlango wa nyumba yao ya Oli kila alipochelewa kurudi.