Nyumba Iliyokaliwa Kabla ya Msingi

Nyumba ilisimama kabla hata tofali moja halijafyatuliwa. Saa nne asubuhi hapakuwa na kitu kwenye kiwanja cha Yusto Mkumbo ila upepo na yale mawe makubwa ya Singida. Saa nne na dakika tatu palikuwa na kuta, paa, ngazi, vyumba vitano na baraza yenye nguzo mbili, vyote vya mwanga mtupu, vyote kwa ukubwa wake halisi. Mwanga ule ulitoka kwenye milingoti minne iliyochomekwa pembeni mwa kiwanja. Haikuwa mirefu kuliko mtu, lakini iliponguruma, kuku wa jirani waliacha kudonoa.

Chombo chenyewe kiliitwa kivulinyumba. Tangu halmashauri ilipopiga marufuku kujenga kwa kubahatisha, hakuna ramani iliyopata kibali bila kupita humo. Nacho hakikuishia kuonyesha kuta. Kilisoma kumbukumbu za kila mwanafamilia kwenye bangili yake ya afya, anavyotembea, anavyolala, anavyougua, kikamtengenezea kivuli. Kisha kiliviacha vivuli hivyo vikae ndani ya nyumba miaka thelathini, yote ikapita kwa saa moja na nusu. Popote walipopata shida, kilitoa maoni: jiko hili litawachosha, mlango huu mwembamba, choo kile kiko mbali.

"Lione tumbo langu," Yusto alimwambia mkewe, akimwonyesha kivuli chake kikipanda ngazi. "Hata mashine imenionea huruma, imelipunguza."

"Haijalipunguza," alijibu Leokadia. "Wewe ndiye umelivuta ndani tangu mkaguzi afike."

Mkaguzi wa halmashauri, Bi Salha, alikuwa amekumbatia kishikwambi chake kifuani. Alicheka kidogo, akarudisha uso wa kazi.

Yusto alikuwa fundi wa minara ya upepo, mtu wa kuning'inia mita tisini kutoka ardhini huku akipiga mluzi. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi na mitano, naye akamlea mdogo wake Pantaleo kwa kuponda kokoto. Aliyepita huko ama hununa maisha yake yote, ama hucheka. Yusto alichagua kucheka, maana kununa kunataka mtu aliyeshiba.

Pantaleo mwenyewe, ambaye wote walimwita Panta, alikuwa amekaa juu ya jiwe kivulini, viatu amevivua, anatafuna karanga. Siku hizi alikuwa mtu wa kukaa.

"Shemeji," alimwita Leokadia, "hiyo sebule mmewapimia wageni au mbuzi? Mbona kubwa hivyo?"

"Wewe ukija unahesabiwa kote kote," Leokadia alimjibu, na wote wakacheka.

Juu ya paa la mwanga namba nyekundu zilihesabu. Mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili. Kivuli cha binti yao, Nsia, kilikimbia koridoni, na kila kiliporudi kilikuwa kimerefuka. Katika mwaka wa tatu, kivulinyumba kilizungumza kwa sauti ya kike, tulivu, kama ya mtu anayetangaza hali ya hewa.

"Maoni ya kwanza. Chumba cha wazazi kishushwe kutoka ghorofani. Mlango wake upanuliwe, uwe sentimita tisini na tano. Kizingiti kiondolewe."

"Kwani nitakuwa naingia kulala na pikipiki?" Yusto aliuliza.

"Maoni ya pili. Kando ya kitanda liwekwe bomba la maji yaliyochujwa, mfereji wa kutolea maji, na umeme usiokatika. Matumizi ni mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara."

Yusto alikuwa na mzaha mwingine tayari mdomoni. Alipomtazama mkewe, aliumeza. Leokadia alikuwa amefanya usafi kituo cha afya miaka sita. Alikijua kile kinachokunywa maji na umeme kwa saa nne, mara tatu kwa wiki.

"Mashine ya figo," alinong'ona.

Ndani ya nyumba, kivuli cha Yusto hakikuwa kikipanda ngazi tena. Kilikaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Bi Salha, hiki chombo kinasema nini?"

"Kinazungumzia nyumba, baba. Sheria hairuhusu kizungumzie afya ya mtu."

"Basi naiuliza nyumba. Mimi nina nini?"

Salha aliinamia kishikwambi chake. Namba ziligeuka. Mwaka wa tano. Wa sita. Kivuli kile kilizidi kukonda. Yusto alitaka kuondoka, lakini aliendelea kutazama.

Mwaka wa saba, viti vilitolewa nje ya sebule. Vivuli vya kijivu visivyo na sura viliingia kimoja kimoja, ishirini, arobaini, vikaketi chini vikiegemea ukuta. Kivuli cha Leokadia kilikuwa katikati, kimefunikwa kichwa.

"Maoni ya tatu," ilisema ile sauti tulivu. "Sebule inatosha. Nguzo ya kushoto ya baraza isogezwe sentimita arobaini. Ilivyo sasa, watu sita waliobeba kitu chenye urefu wa mita mbili hawawezi kugeuka."

Panta aliacha kutafuna. Mwaka wa nane, mezani palikuwa na vivuli viwili tu, cha mama na cha mtoto, vinakula bila kutazamana.

"Zima!" Leokadia alipiga kelele. "Nasema zima hicho kidude!"

Salha alibonyeza. Vivuli viliganda vilipokuwa, mkono wa Nsia njiani kuelekea mdomoni.

Leokadia alimshika mumewe kifuani kwa mikono miwili. "Baba Nsia, unanificha nini?"

"Sijakuficha kitu. Haki ya Mungu, siumwi. Napanda minara kila siku, mama!"

"Chombo hakibuni," Salha alisema kwa upole. "Kinasoma bangili. Kuna vipimo vya Machi, vya Juni, na vya mwezi uliopita. Vyote vya kituo cha afya, vyote kwa jina lako."

"Machi?" Yusto alifuta jasho. "Machi yote nilikuwa juu ya mnara! Na mnarani hatupandi na bangili, tunaziacha nyumbani, tunaogopa umeme..."

Hapo alikumbuka. Bangili yake aliiacha nyumbani, ndiyo, lakini haikukaa nyumbani. *Niazime bangili yako, kaka, malaria imenikamata.* Panta alikuwa kibarua wa siku kwa siku, na vibarua hawakupewa bangili wala matibabu yake ya bure. Walifanana hadi nywele, nani angejua? Yusto alikuwa amemvalisha mwenyewe, akimtania kwamba sasa anaumwa kiheshima. Na ilikuwa mara tatu.

Basi si mimi, aliwaza. Kicheko kilimtoka, kikubwa, cha mtu aliyeopolewa kutoka kisimani akiwa tayari amekunywa maji. Kilidumu kwa muda wa kugeuza shingo tu.

Maana alipogeuza shingo, aliiona miguu ya Panta pale kwenye jiwe. Ilikuwa imejaa, inang'aa, alama za kamba za viatu zimezama kama kwenye unga uliokandwa.

Kisha akakumbuka ujumbe. *Fika kituoni kwa mazungumzo ya ana kwa ana.* Ulimjia yeye, mwenye jina, mara tatu pia. Wa kwanza aliwasomea wenzake kazini: "Wamenimisi hawa, wanataka nikawachekeshe." Akaufuta. Na zile mbili zilizofuata alizifuta bila hata kuzisoma hadi mwisho.

"Bi Salha," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Mtu akiazimisha bangili, anafanywa nini?"

"Inafungwa mwaka mzima. Mwajiri anaarifiwa." Salha aliinua macho kuitazama ile nyumba. "Na kibali cha nyumba kinasimama. Kwa nini?"

"Kaka," Panta aliita kutoka kwenye jiwe. Alijaribu kutabasamu. "Kaka, acha. Ni jua tu hili. Usiharibu nyumba kwa ajili ya miguu."

Leokadia alimtazama shemeji yake, kisha mumewe, kisha ile miguu. Alijifunika mdomo kwa khanga.

Yusto aliivua bangili, akaiweka juu ya kishikwambi cha mkaguzi. "Vipimo hivyo si vyangu. Ni vya mdogo wangu, na mimi ndiye niliyemvalisha. Andika hivyo."

Mkononi palibaki mstari mweupe. Kule ndani, kitanda chake kilikuwa kitupu tangu mwaka wa saba, sasa kikingoja jina jingine.

Alimwendea Panta. "Vaa viatu. Tunakwenda kituoni, sasa hivi."

"Nikivivua havirudi, kaka," Panta alisema kwa sauti ndogo ambayo Yusto hakuwa ameisikia tangu enzi za kokoto. "Wiki ya pili sasa. Nilidhani vimesinyaa kwa maji."

Yusto alichuchumaa, akamgeuzia mgongo. "Panda. Na usinicheke, nimewahi kubeba mitambo mizito kuliko wewe."

Panta alipanda. Alikuwa mwepesi, na wepesi ule ulimtisha Yusto kuliko vyote alivyoviona asubuhi ile. Njia fupi ya kufika barabarani ilipita katikati ya nyumba, naye hakuizunguka. Alipita jikoni, akapita sebuleni kati ya vivuli vilivyoganda, akatokea barazani, Leokadia nyuma yao na viatu mkononi.

"Baba!" Salha alimkimbilia. "Ramani niandike nini? Siku bangili ikifunguliwa, wataniuliza maoni umeyapokea au umeyakataa."

"Chumba cha chini ongeza, ni cha mdogo wangu. Mlango tisini na tano. Maji, umeme, weka vyote."

"Na nguzo?"

Yusto alisimama. Ndugu yake alimpumulia shingoni, pumzi fupi fupi, za haraka. Aliitazama nguzo ya kushoto, akapita kando yake kwa upande, bega likikata mwanga.

"Nguzo haisogei," alisema.