Maziwa Ndani ya Picha

Msinitazame hivyo. Mimi ni mtu wa kanisani, mambo ya wachawi huwa nayacheka. Lakini hili limetokea nyumbani kwa mdogo wangu Oliva, hapa hapa Mogitu, na mtoto mwenyewe nilimpokea kwa mikono yangu siku aliyozaliwa.

Mume wa Oliva, shemeji Festo, huchora mabango ya saluni na maduka. Mwaka huu akaona kwenye simu watu wanaochora vitu vilivyotulia tu: chungu, kikombe, vitunguu. Unakaa na kitu kimoja mchana kutwa, unakitazama polepole mpaka kikuonyeshe kila mkwaruzo. Akapenda. Nikamtania kwamba magugu yanamaliza ngano shambani, na yeye anakikodolea macho kitunguu. Akacheka, akaendelea kuchora.

Basi tukaenda msibani kijiji cha Gendabi, alikofariki Mzee Akonaay, mfugaji. Mlangoni, juu ya kigoda, kulikuwa na kibuyu chake cha maziwa, kitupu, mdomo wazi. Pale kwao ni mwiko: kama msiba haujaisha, chombo cha marehemu hakitoki nyumbani. Festo alijua, ndiyo maana hakukigusa. Aliketi mbele yake na brashi, akakichora taratibu mpaka jua likaelekea kuzama, akarudi na picha. Tena kwa majivuno kidogo, akatuambia hajachukua kitu cha mtu.

Picha ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Akaitundika sebuleni, akatufundisha kuitazama: kaa, pumua, usiharakishe macho. Ndani ya mdomo wa kibuyu alipaka weusi mtupu.

Wiki ile ile maziwa ya Oliva yakaanza kupungua, na mwanawe Alex bado mchanga. Tukampikia uji, tukamchemshia supu, zahanati wakampa vidonge. Wapi. Mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Maziwa ya kopo akayatema. Ya ng'ombe akayatema. Akabaki macho tu.

Mchana mmoja nilikaa na Alex mapajani, mbele ya picha. Nikaitazama polepole, kama nilivyofundishwa. Ndani ya ule weusi kulikuwa na weupe.

Nikamwita Festo kwa kunong'ona. Akasogea. Akatazama. Akasema hapo hakuweka rangi nyeupe hata kidogo.

Kesho yake weupe ulikuwa umepanda. Oliva hakuwa na tone.

Niliogopa. Nikataka kuichoma ile picha jikoni, Festo akanisihi tuwaulize kwanza wenye kibuyu. Tukamwacha Oliva na mtoto, tukapanda bodaboda hadi Gendabi. Tukampa shikamoo mjane wa mzee, Mama Kornelia, tukamweleza yote. Hakushtuka. Akasema kwa sauti ya chini:

"Mzee wangu amekufa hajapata mjukuu. Alikuwa anaomba mmoja tu."

"Mama, sasa tufanyeje?" Festo akauliza.

"Mmekipeleka kibuyu chake kwenye nyumba yenye mtoto. Mimi nifanye nini?"

Tuliporudi, nyumba ilikuwa kimya. Nikajua Alex amekufa. Nikaingia mbio.

Alikuwa amelala. Tumbo limejaa. Oliva amejibanza ukutani. Alisema hakumpa kitu. Alikuwa uani anaanika nguo, akasikia kilio kimekatika, kisha sauti ya mzee inabembeleza. Alipoingia hakukuwa na mtu.

Nikainama, nikamnusa mtoto mdomo. Alinukia maziwa yenye harufu ya moshi, ya kibuyu kilichofukizwa kama wafugaji wafanyavyo.

Nikageukia picha. Weupe ulikuwa umeshuka.

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Matiti ya Oliva yamekauka. Kingine mtoto hataki, anatema. Akishiba, weupe unashuka. Asubuhi umejaa tena. Na ananenepa, jamani, watu wa jumuiya ya kanisani wanamsifia mashavu. Oliva anawaitikia tu.

Kiberiti ninacho. Mara ngapi nimesimama mbele ya ile picha, kijiti mkononi. Halafu Alex analia njaa, na mimi mwenyewe natoka nje, navuta mlango, nasubiri anyamaze.