Nywele za Nakuru

Kerubo ni Msabato, na Sabato ya Novemba hapa Birmingham huisha mapema, maana jua lenyewe huzama kabla hujamaliza chai. Kwa hiyo Jumamosi ile, giza lilipoingia, alichukua pakiti zake za rasta akatoka Longbridge kwenda Sparkbrook kusukwa nywele. Safari ya kawaida kabisa. Hata hakumuaga mtu.

Msusi wake anaitwa Zeinab, mwanamke wa Tanga anayesukia sebuleni kwake, kwenye moja ya zile nyumba zilizobanana ambazo ukifungua mlango wa mbele unakanyaga barabara. Zeinab ana mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Ukikaa kwenye kiti chake unatoka na kichwa kizuri na habari za watu wote wa Ladypool Road.

"Karibu, shoga. Mbona umekonda hivyo? Mapenzi hayo?"

"Mapenzi gani, Zeinab. Kazi tu."

Uongo mtupu. Kerubo alikuwa halali tangu yule farasi afe, na alijua vizuri kwa nini halali. Alijiinamia kitini, Zeinab akaanza kufumua rasta za zamani huku akisimulia harusi ya shemeji yake, jinsi pilau lilivyoungua na mama mkwe akasusa. Kerubo alicheka palipofaa kucheka.

Halafu Zeinab akanyamaza.

Na ukimjua Zeinab, akinyamaza, ogopa.

"Kerubo..."

"Enhe?"

"Mara ya mwisho nani alikusuka?"

"Si wewe mwenyewe?"

"Mie sikukusukia huu."

Alimpitishia mbele ya macho unywele mmoja. Mrefu, mnene, mgumu. Mwekundu wa udongo. Sebule nzima ilianza kunuka majani makavu na jasho la mnyama. Zeinab akauvuta kidogo, na Kerubo akapiga yowe, maana uliuma mpaka kwenye meno.

"Ala! Umeota," Zeinab akanong'ona. "Unatoka kichwani... Na huku uko mwingine. Na huku." Kidole chake kilikuwa na tone la damu. "Dada, hizi si nywele za mtu."

Kerubo alijua ni za nani.

Sasa hapa nisimame kidogo, usije ukadhani huyu mwanamke ni mchawi. Kazi yake ni kuchukua sampuli za farasi wa mashindano. Anakwenda kwenye mabanda, anachukua mkojo, damu, na nywele za shingoni. Nywele ndizo zinazoogopwa. Mkojo husafika baada ya siku chache, lakini unywele hukaa na kile farasi alicholishwa kwa miezi mingi, na maabara wakiupima wanakisoma.

Na farasi aliyekuwa akisemwa na kila mtu mwaka huu alikuwa Nakuru. Farasi mwekundu, bingwa, mali ya mzee Gurvinder, Singasinga aliyezaliwa mjini Nakuru akaja huku kijana, na ambaye bado anaongea Kiswahili cha kwao utadhani aliondoka jana. Nakuru alikuwa amezeeka kidogo, lakini badala ya kupunguza mbio akawa anaongeza. Magazeti yaliandika kwa ujanja, kwamba wataalamu wanashangaa. Kanisani kina mama walisema Gurvinder amefuga jini. Kila upande na maneno yake, lakini wote walikubaliana kwamba mbio zile si bure.

Siku Kerubo alipotumwa kwenye banda la Gurvinder, mashambani kupita Sutton Coldfield, alikata nywele za shingo ya Nakuru vizuri, akazifunga kwenye karatasi ya foili. Aligeuka akamkuta mzee amesimama mlangoni, kilemba chake kimelowa mvua.

"Kerubo, mama," akanong'ona. "Hizo usipeleke. Chukua za yule mzee wa pembeni. Rangi ni moja."

Pembeni palikuwa na farasi mkongwe aliyestaafu, anayewekwa pale ili Nakuru asikae peke yake.

"Baba Kiran, umempa nini huyu farasi?"

"Kitu kidogo tu cha nguvu. Mbio moja, halafu namstaafisha. Naapa."

Ungefanya nini wewe? Usijibu haraka. Kerubo alipofika nchi hii bila mtu, ni Gurvinder na mkewe waliompa chumba majira yote ya baridi. Mke wa Gurvinder ndiye aliyemvalisha koti lake la kwanza, na mama yule sasa ni marehemu. Kirandeep, huyo Kiran, binti yao, alikuwa mtoto wa shule akimfuata Kerubo jikoni. Kuna mtu ni vigumu kumwambia hapana ukiwa umevaa koti la marehemu mke wake.

Kerubo akakata nywele za yule mkongwe, akaweka muhuri, akaandika jina la Nakuru.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili ni kwamba nywele zenyewe za Nakuru alizitia mfukoni mwa koti akaenda nazo nyumbani. Na Kerubo ni wa Kisii! Nyanya yake alikuwa akiokota hata unywele uliobaki kwenye kitana, akautupa chooni mwenyewe, asimwachie mtu. Nywele za kiumbe aliye hai hazikai ndani ya nyumba ya mwingine. Kerubo alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Alijaribu kuzichoma juu ya jiko, kengele ya moshi ikalia mpaka jirani akagonga mlango. Akaogopa. Akazitia kwenye kopo la majani ya chai, akalificha nyuma ya viatu kabatini.

Majibu yakatoka: Nakuru ni safi. Akakimbia, na aliyempanda alikuwa Kirandeep, binti wa mwenye farasi, msichana aliyekuwa akimbusu farasi yule puani kila asubuhi. Walishinda. Walipita mstari wa mwisho, watu wamesimama wanashangilia, na hapo hapo moyo wa Nakuru ukapasuka. Akaanguka na Kirandeep chini yake.

Madaktari walisema miguu ya binti haitatembea tena. Watu wengine, wale wasio na haya, walisema alimchapa farasi kupita kiasi, ndiyo maana akafa. Mnyama alikuwa safi, si vipimo vimesema? Na baba mtu akanyamaza.

Kerubo alikwenda kumwona binti. Kirandeep husikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi waliozaliwa hapa. Alimshika mkono akamuuliza kwa Kiingereza chake, taratibu: "Anti, ni mimi niliyemuua?"

Kerubo akamrekebishia mto. "Lala, mama," akasema.

Lala, mama! Neno moja tu lingemtua yule mtoto mzigo, na yeye akarekebisha mto. Hilo ndilo lililokuwa likimla usiku na mchana.

Turudi kwa Zeinab.

Kitana kilikuwa kimeanguka zuliani, waliposikia sauti barabarani.

Ko... ko... ko...

Si viatu. Kitu kizito, kinatembea polepole kando ya magari yaliyoegeshwa. Kikapita mlango wa jirani. Kikasimama.

"Usichungulie," Zeinab akanong'ona.

Kifuniko cha tundu la barua mlangoni kikainuka. Polepole... Kikabaki hivyo. Ikaingia pumzi nzito, mvuke mweupe unaotambaa juu ya zulia, una joto, unanuka majani makavu na damu. Zeinab akaanza Ayatul Kursi kwa sauti ya chini. Kerubo alitafuta jina la Yesu mdomoni akalikosa, kwa aibu.

"Una kitu gani chake?" Zeinab akamuuliza kati ya aya na aya.

"Nywele zake."

"Mrudishie!"

"Amekufa, Zeinab."

"Basi mrudishie uliyemdhulumu. Yuko hai huyo?"

Kerubo akatikisa kichwa kukubali. Kifuniko kikashuka, ka! Ko, ko, ko zikaondoka kuelekea Stratford Road, na basi likapita, na mtu akacheka nje huko mbali. Dunia ikaendelea. Zeinab alikataa hata kupokea ahsante. Alimfunga kichwa kwa kitambaa akamtoa nje.

Nyumbani Kerubo alifungua kopo. Foili ilikuwa imekunjwa vile vile alivyoikunja yeye.

Ndani hamkuwa na kitu.

Alikwenda mbele ya kioo akavua kitambaa. Zilikuwa zimeongezeka.

Jumapili mchana alipanda treni mpaka Sutton Coldfield, kitambaa kimekazwa, na kila aliyeketi karibu naye alikunja pua akahama. Gurvinder mwenyewe alifungua mlango. Alikuwa amejifunga kilemba ovyo, yeye ambaye hufunga kilemba kwa nidhamu, na chini yake, shingoni, kilichungulia kishungi chekundu.

Walitazamana.

"Mimi sijawahi kukata nywele maisha yangu yote," mzee alinong'ona. "Ni dini yangu, unajua. Zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Sasa tazama... Nikivuta, natoka damu. Kukata siwezi. Nafunga tu kilemba juu yake kila asubuhi, Kerubo, nanuka kama banda, naenda kumpa mtoto uji."

"Tumwambie."

"Nitamwambia."

"Sasa hivi. Mimi na wewe."

Nisimsingizie, machozi yalimtoka. "Akijua, nitabaki na nani? Nitamwambia. Si leo." Akashika reli ya ngazi akapanda kwenda chumbani kwake, akafunga mlango.

Kerubo akaingia peke yake kwenye chumba cha mbele, walikomwekea Kirandeep kitanda karibu na dirisha. Hakukaa. Alijua akikaa atarekebisha mto tena.

"Kiran, si wewe uliyemuua Nakuru. Alikuwa amepewa dawa. Baba yako alimpa, na mimi nilibadilisha nywele ili isijulikane. Ningezipeleka zile za kweli, hangekimbia siku ile. Ungekuwa unatembea. Ni sisi. Ni mimi."

Binti alitazama dari. Kisha akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Kerubo amjue, akasema kwa Kiswahili:

"Najua, anti. Ameshaniambia."

"Nani?"

"Anakuja hapo dirishani. Ananipumulia kioo. Mimi nilidhani ni hizi dawa za maumivu. Nilidhani nimekuwa mwendawazimu, tena muuaji." Machozi yalimshuka kuelekea masikioni. "Nilikuwa nangoja mtu aseme. Mtu yeyote."

"Nisamehe."

"Sijui kama naweza." Akanyoosha mkono. "Inama."

Kerubo akapiga magoti, akavua kitambaa. Vidole vya Kirandeep vilipita kichwani mwake, vikatafuta, vikakamata fungu zima kama alivyokuwa akikamata shingo ya farasi kabla ya mbio. Kerubo alifumba macho akingoja maumivu. Hayakuja. Nywele zilitoka zote kwa mvuto mmoja, laini, bila tone la damu, na ile harufu ikamtoka mwilini.

"Na wakaguzi wa mbio utawaambia?"

"Kesho asubuhi. Kazi waichukue."

Kirandeep alilaza zile nywele nyekundu kifuani, akazipapasa taratibu. Kerubo alilia hapo sakafuni, kilio cha mtu aliyeshushiwa mzigo, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alihisi kwamba usiku huo angeweza kulala.

Ndipo waliposikia Gurvinder akitembea chumbani kwake, juu yao.

Hatua zake zilikuwa za polepole, kutoka kitandani mpaka dirishani. Kerubo aliinua kichwa. Kulikuwa na kitu kibaya katika mpangilio wake, na ilimchukua muda kukijua. Hatua zilikuwa nyingi mno kwa mtu mmoja mwenye miguu miwili.

Ko. Ko. Ko. Ko.

"Mzee?" Kerubo aliita. "Baba Kiran?"

Hakujibiwa. Juu, kitu kilishusha pumzi puani, kwa nguvu, kama mnyama aliyechoka kusimama. Vumbi la dari likadondoka kwenye shuka.

Kerubo akainuka akakimbilia ngazi, lakini Kirandeep akamshika kwenye pindo la koti, lile koti la mama yake.

"Mwache, anti," alisema, bila kuitazama dari. "Hajafungiwa mlango. Akisema, atashuka."

Kerubo akavuta kiti, wakangoja pamoja. Taa za barabarani ziliwaka, na Gurvinder alikuwa hajashuka.