Shati Jeupe Kwenye Ukingo wa Darubini

Kitu cha kwanza Agnetha alichokiona kilikuwa mikwaruzo. Kila kioo cha miwani ya yule kijana kilikuwa na mkwaruzo mmoja wa mviringo, hafifu kama alama ya kikombe juu ya meza. Uso wake aliuona baadaye.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi na soko la Kanyenye lilikuwa limefurika. Watu walijazana mbele ya duka la mitumba la Mzee Yaser, wakigeuza redio, pasi na kamera. Kijana akapenya katikati yao. Sare yake ya kijani ilikuwa imepauka magotini na viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi jekundu.

"Dada, habari za asubuhi. Mna darubini? Zile za macho mawili."

Agnetha aliinama chini ya meza, akatoa tatu, akazipanga bila kusema neno.

"Huyu binti anauza kila kitu isipokuwa maneno," Mzee Yaser alisema kutoka kwenye kiti chake. "Mzoee tu."

Kijana alicheka. Aliitwa Hilari, mlinzi wa msitu wa kijiji huko Usinge. Aliinua darubini ya kwanza, akaigandamiza kwenye miwani mpaka miwani ikapanda kwenye paji la uso. Akaishusha. Akainua ya pili.

"Hii nayo ina giza."

"Giza gani?" Sauti ya Agnetha ilikuwa ndogo.

"La pembeni. Katikati naona duara dogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo."

"Vua miwani ujaribu."

"Nikivua naona vizuri. Lakini nikishusha darubini, hata mti niliouegemea siuoni. Nivue na kuvaa mara mia kwa siku? Nyani watanicheka, dada."

Agnetha aliziba mdomo kwa mkono asicheke. Kijana akaishusha darubini.

"Na humo kwenye giza," Hilari alisema polepole, "huwa namwona mtu."

Alimweleza pale pale, kelele za soko zikiwazunguka. Miaka miwili nyuma, moto uliingia msituni wakati wa kiangazi. Kaka yake, Kornel, alishuka kuokoa mizinga ya nyuki. Hilari alibaki juu ya kichuguu na darubini ya kaka yake, ili amwelekeze kwa simu moto unakokwenda. Simu ya Kornel ikazimika. Kornel akapanda kichuguu kingine, akavua shati lake jeupe, akalipunga ili aelekezwe njia. Wanawake waliokuwa kisimani walimwona kwa macho matupu.

"Mimi nilipitisha darubini pale pale. Sikumwona, moto ukamfikia. Tangu siku ile nikiinua darubini, pembeni kwenye giza kuna shati linapunga. Nataka darubini isiyo na giza."

Agnetha alichukua ile ya tatu.

"Hii inakuza mara nane. Hiyo ya mara kumi na mbili inavuta mbali, lakini inaonyesha padogo, na mkono ukitetemeka kila kitu kinatetemeka. Halafu tazama kioo cha huku kwenye jicho. Ni kipana. Darubini yenye kioo kidogo inataka jicho lisogee karibu kabisa, na mwenye miwani hawezi kusogea."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema wiki nzima. Kisha, kwa vidole gumba, alikunja ile mipira miwili inayozunguka vioo vya jicho, akailaza chini.

Hilo hakulisema. Mzee Yaser alimfundisha siku yake ya kwanza dukani: mwenye macho matupu huacha mpira umesimama, mwenye miwani huukunja ili miwani ikaribie kioo. Ukisimama, giza linaingia. Na mikwaruzo ile ilimweleza yaliyobaki. Miaka yote Hilari aligandamiza mpira mgumu wenye vumbi, na hakuna aliyemwonyesha kuukunja. Angeukunja, angeliona shati.

Agnetha alifungua mdomo. Akaufunga.

"Jaribu sasa," akasema.

Hilari alielekeza darubini mwisho wa mtaa. Akaizungusha taratibu kulia na kushoto. Machozi yakatoka chini ya miwani.

"Naona mpaka pembeni, dada. Hayupo."

Aliinunua. Wiki iliyofuata alipiga simu ya duka akaomba namba ya Agnetha. Kuanzia hapo alimpigia kila mchana kutoka juu ya kichuguu, palipo na mtandao mzuri.

"Asali wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Na nani?"

"Na Mzee Yaser na redio nane."

"Redio hizo zinanitia wivu. Zinakusikia kutwa."

"Hazisikii kitu. Maneno nakuwekea wewe."

"Sema lingine basi."

"Yamekwisha ya leo."

Hilari alicheka mpaka ndege wakaruka. Kila mara, kabla ya kuaga, alisema: "Ile darubini ya zamani ndiyo iliyomuua kaka yangu. Asante kwa hii." Na Agnetha aliitikia, "Haya, mpenzi," kisha akakata simu haraka.

Mwezi wa kumi simu ilikuja mapema.

"Agnetha, nimeitoa darubini ya Kornel sandukuni. Nimekunja mpira wake kama wa hii." Alikuwa anahema. "Inaonyesha kila kitu. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ile dukani."

"Miezi minne nakushukuru! Nawe unaitikia haya, mpenzi!"

Simu ikakatika. Hakupiga kesho yake, wala wiki tatu zilizofuata. Agnetha alipopiga, haikupokelewa.

Hakujua kwamba Hilari alikuwa ameacha hata kufanya doria. Kutwa alikaa juu ya kichuguu chake, kando ya njia ya zamani ya misafara ya Ujiji, ambako watu husema wapagazi waliofia njiani bado wanapita na mizigo yao. Alikuwa ameusimamisha tena mpira wa darubini ya Kornel. Alilitafuta giza la pembeni, na shati lilipopunga, alizungumza nalo.

"Mzee Yaser, shikamoo. Naomba ruhusa," Agnetha alisema asubuhi moja.

"Marahaba. Ya kwenda wapi?"

"Usinge."

"Nenda, binti. Redio zitakusubiri."

Alipanda treni ya Kigoma akiwa na gauni lake la kitenge cha njano na khanga moja. Alimkuta Hilari juu ya kichuguu, amekonda, darubini ya zamani ikiwa machoni.

"Nani kakuleta?" Hilari aliuliza bila kuishusha.

"Treni." Akasogea. "Mpira umesimama."

"Nikiukunja anaondoka. Nitamfukuzaje mara ya pili?"

"Alisimama wapi?"

Hilari alinyoosha mkono. Agnetha akashuka, akapita katikati ya vigogo vyeusi na majani mapya, miiba ikimshika gauni. Alikwenda karibu saa nzima. Alipopanda kichuguu cha Kornel, alihisi ubaridi mgongoni, kama vile mtu amempisha. Hakugeuka. Alipiga simu, na mara hii ikapokelewa.

"Unaniona?"

"Sikuoni. Namwona yeye."

"Hilari, nisikilize. Mpira ulikuwa umesimama. Ungeukunja, ungemwona. Hakuna aliyekuonyesha, lakini ndivyo ilivyokuwa. Darubini haikuwa mbovu."

Simuni kikasikika kilio cha Hilari.

"Sasa kunja," Agnetha alisema. "Niko aliposimama."

Akafungua khanga, akaipunga. Kule mbali, vidole gumba viwili vililaza mpira. Giza lilirudi nyuma, na shati likaenda nalo. Katikati ya msitu likabaki gauni la njano.

"Ameondoka," Hilari alisema. "Nakuona wewe."

Mkono ulimchoka Agnetha, lakini hakuushusha.

"Siku ile sikunyamaza kwa kukuhurumia. Niliogopa kwamba ukiisikia habari ile mbaya kinywani mwangu, dukani hutarudi tena. Nami nilitaka urudi, Hilari. Nakupenda."