Maji ya Sabuni Si Maji Taka

Kila siku baada ya shule, kabla hata hajavua sare, Chiriku alikuwa na safari yake fupi, kutoka uani hadi mtaroni, karai la maji ya sabuni mikononi. Bibi yake mzaa mama alikuwa dobi, kama jirani zake wa safu ile ya nyumba. Nguo za nusu ya mtaa zilipita mikononi mwa Bibi, na maji yake yalipita mikononi mwa Chiriku. Aliyamwaga kwenye mtaro wa saruji uliopita mbele ya nyumba, akayatazama yakiondoka na povu lake, kisha akarudi kuchukua karai jingine. Jina la Chiriku alipewa na Bibi mwenyewe, kwa kuwa mtoto huyu alianza kuzungumza mapema na tangu hapo hakupumzika.

Jumapili tu ndipo maneno yalipomwishia. Hiyo ilikuwa siku ya simu ya Mama. Mama alikuwa akilea watoto wa watu katika mji wa mbali, mbali kiasi kwamba aliporudi nyumbani mara ya mwisho Chiriku alikuwa bado hajang'oa meno ya mbele. Wiki nzima Chiriku alipanga mambo ya kumwambia, lakini akiisikia tu ile sauti, yote yalimpotea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Na wewe hujambo?"

"Mimi sijambo kabisa. Kazi nzuri, watu wazuri. Haya, niambie, kijito chetu kinaendeleaje?"

Mama hakukosa kuuliza swali hilo. Zamani, kabla hajaondoka, alikuwa akimchukua Chiriku mpaka kijito kilichopita chini ya mtaa, wakakaa juu ya jiwe, miguu ndani ya maji, wakihesabu visamaki vilivyokuja kuwatekenya vidole. Walikuwa hawafanyi lolote la maana pale, na Chiriku hakuwahi kuwa na furaha kama ile tena.

"Kizuri, Mama," alijibu.

"Maji yake bado safi?"

"Ndiyo. Mpaka mawe ya chini yanaonekana."

"Nikija likizo, kabla hata sijafungua mizigo, tutakwenda wote. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Huo ulikuwa uongo mtupu. Kijito kilikuwa kimegeuka rangi ya chai iliyolala. Povu liliganda kando, utando wa mafuta ulielea juu, na visamaki vilikuwa vimetokomea. Chiriku alijua vizuri kwamba siku Mama atakapofika, uongo wake utakuwa umelala pale kijitoni, kila mtu akiuona. Hata hivyo kila Jumapili aliurudia. Bibi alimsikia, akajifanya anakunja nguo.

Ndipo siku moja, katika kipindi cha sayansi, mwalimu akaingia darasani na mgeni. Alikuwa afisa wa afya wa manispaa, mama mnene mwenye kicheko chepesi, ambaye mji mzima ulimwita Bibi Afya.

"Wanangu, kijito kinaumwa," alisema. "Tunataka kuwaelimisha watu, ila gari letu la matangazo ni moja na muda ni mdogo. Hatuwezi kumwambia kila mtu kila kitu. Tukifanya hivyo, watasikia kelele tu. Tunataka kwanza kujua nani anafanya nini, ili tumwambie lile linalomhusu. Mtanisaidia kuwauliza majirani zenu?"

Mkono wa Chiriku ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Kama kijito kingetibiwa kabla Mama hajaja, basi uongo wake ungegeuka kuwa kweli, na asingehitaji kumwambia mtu. Hilo ndilo alilolifikiria, na tusimfichie.

Swali kubwa katika karatasi lilikuwa moja: Je, nyumba hii humwaga maji taka mtaroni? Chiriku alipita mlango kwa mlango. Mwenye duka la rejareja alishtuka kama ameitwa mwizi. "Maji taka? Sisi? Labda waulize hao wa upande wa pili." Wa upande wa pili nao wakamrudisha kwa mwenye duka. Fundi wa pikipiki, kijana aliyeitwa Spana, aliinua mikono yake iliyojaa grisi. "Mdogo wangu, mimi unavyoniona ni mtu msafi. Andika hapana, tena kwa herufi kubwa." Nyumbani, Bibi alijibu akiwa anakamua shuka. "Hapana. Mtu mwenye akili zake amwage maji taka barabarani?" Chiriku akaandika hapana. Vidole vyake vilikuwa bado vina unyevu wa sabuni, lakini hakuona lolote la ajabu.

Wiki iliyofuata Bibi Afya alirudi, akasimama mbele ya darasa akijikuna kichwa.

"Mmefanya kazi nzuri. Kwa majibu haya, mtaa wenu hauna kosa. Karibu kila nyumba imesema hapana. Basi gari tutalipeleka mtaa wa juu, huko sokoni, tukawasemeshe juu ya takataka."

Wenzake walipiga makofi. Chiriku hakupiga. Kama gari litakwenda kwingine, kijito kitabaki vilevile, na Mama atakikuta vilevile. Lakini uchafu ule ulitoka wapi, ikiwa hakuna aliyeumwaga?

Jioni alibeba karai kama kawaida. Alipoinamia mtaro, alisita.

"Bibi," aliita, "haya si maji taka?"

Bibi alicheka. "Chiriku, nawe una maswali. Maji taka ni ya chooni. Haya ni maji ya sabuni. Tena yanausafisha huo mtaro."

"Mtaro unakwenda wapi?"

"Si ni mtaro wa manispaa? Unakwenda kwenye yale mabwawa yao, wanakosafishia maji. Mwaga tuendelee, kuna mashuka ya watu hapa."

Chiriku alimwaga, kisha badala ya kurudi akalifuata povu. Lilipita mbele ya duka, likapita gereji ya Spana, ambako uzi mweusi wa mafuta ya injini uliungana nalo, likakata kona, likaingia chini ya kidaraja. Halikwenda kwenye bwawa lolote. Lilitumbukia kijitoni, hatua chache tu kutoka kwenye jiwe alilokuwa akikaa na Mama.

Alisimama pale akiwa na karai tupu. Alimkumbuka Mama kwa namna iliyouma, kama njaa. Kwa muda wote ule alikuwa akikililia kijito hiki, na kila jioni alikuwa akikimwagia sumu kwa mikono yake mwenyewe.

Usiku ule alikula bila kuongea, mpaka Bibi akamgusa paji la uso kuona kama ana homa. Kusema kweli shuleni kulimaanisha kumtaja Bibi. Na Bibi asipofua, wangekula nini? Kunyamaza kulikuwa rahisi, na tayari alikuwa na mazoea nako. Ila asubuhi alipomwona Bibi Afya ofisini kwa mwalimu, akijiandaa kuondoka na karatasi zake, miguu ilimpeleka yenyewe.

"Shikamoo. Jibu la nyumbani kwetu si la kweli."

"Marahaba. Si la kweli kivipi?"

"Tuliandika hapana. Lakini mimi mwenyewe humwaga maji ya kufulia kila siku. Bibi yangu hakudanganya. Kwake maji taka ni ya chooni. Haya anayaita maji ya sabuni. Na anadhani mtaro unakwenda mabwawani, kumbe niliufuata nikaona povu letu na mafuta ya gereji vikiingia kijitoni." Akaongeza haraka: "Naomba msimfungie kazi yake."

Alitegemea kufokewa. Bibi Afya alivuta kiti, akakaa, akamtazama mwalimu.

"Mwalimu, umesikia? Hata fundi atakuwa amesema kweli. Kwake yale ni mafuta, si maji. Hawa watu hawakunidanganya. Mimi ndiye niliyeuliza kwa neno la ofisini." Akamgeukia Chiriku. "Wewe ungewaulizaje?"

Chiriku alifikiri. "Ningemuuliza Bibi, ukimaliza kufua, maji unayapeleka wapi."

Siku hiyohiyo darasa lilikaa na kutunga maswali mapya. Ukimaliza kufua, maji unayapeleka wapi? Ukibadilisha oili ya pikipiki, ile ya zamani unaifanyaje? Unadhani mtaro huu unaishia wapi? Walizunguka tena, na safari hii watu walijibu bila kushtuka, maana hakuna aliyejiona ameshtakiwa. "Si mtaroni hapo," alisema mwenye duka, akimwaga ndoo ya deki mbele ya macho yao. Spana naye alionyesha kwa kidole chenye grisi. "Hapo tu. Ungeniuliza hivyo tangu mwanzo."

Picha ikawa wazi. Watu karibu wote waliamini kwamba mtaro unaishia mabwawani. Sabuni ilitoka safu ya nyumba za madobi, na mafuta yalitoka gereji. Takataka zilikuwa kidogo sana. Lile tangazo la kupigia kelele takataka lingekuwa sawa na kumpa dawa ya kikohozi mtu aliyevunjika mguu. Bibi Afya aliliacha gari ofisini, akaja kwa miguu. Kwenye gereji alikwenda na mnunuzi wa oili chakavu, na Spana akawekewa pipa. Wanafunzi waliandika kwa rangi kwenye kila mdomo wa mtaro: MAJI YA HAPA HUINGIA KIJITONI. Madobi nao, Bibi Afya aliwaomba wamfuate hadi kijitoni, wakatazame kwa macho yao.

Bibi alikuwa hataki kwenda. Chiriku alimshika mkono.

"Bibi, mbona hujafika kule siku nyingi?"

"Miguu," alisema Bibi. Kisha, baada ya hatua kadhaa, akasema, "Si miguu. Tangu mama yako aondoke, nikiliona lile jiwe moyo unanikatika. Nikaona heri nisipite."

Walipofika, Bibi alilitazama povu lililoganda kando ya jiwe. Alikuwa akilijua povu hilo kama anavyovijua vidole vyake. Alijifunika uso kwa khanga.

"Mwanangu mahali pake palikuwa hapa," alisema. "Na mimi nimekuwa nikipamwagia."

Hakuna aliyemlaumu. Bibi Afya aliwaonyesha madobi jinsi ya kuchimba shimo uani na kulijaza kokoto, maji ya sabuni yazame humo na kuchujika ardhini badala ya kukimbilia mtaroni. Shimo la kwanza lilichimbwa kwa Bibi. Spana alikuja na sururu bila kuitwa, akisema anataka kuonekana mtu msafi kweli safari hii.

Mvua ziliponyesha zilikisuuza kijito, na mara hii nyuma ya mvua hazikuja sabuni wala mafuta mengi. Maji yalianza kupungua weusi. Hayakuwa safi bado, na visamaki havikuonekana. Bibi Afya alisema vitachukua muda, pengine mwaka, pengine zaidi. Chiriku aliposikia hivyo akajua kwamba kijito hakitamwokoa. Jumapili ilipofika, aliichukua simu, akaanza yeye.

"Shikamoo, Mama. Kabla hujaniuliza, nilikudanganya. Kijito si kizuri. Kilichafuka zamani, na mimi ni mmoja wa waliokichafua."

Alimweleza yote, karai, povu, maswali, shimo.

"Kwa nini hukuniambia?" Mama aliuliza taratibu.

"Niliogopa. Unakipenda sana. Nilidhani ukijua kimeharibika hutakuwa na hamu ya kurudi."

"Chiriku. Mimi narudi kwa ajili ya maji?" Sauti ya Mama ilikwaruza. "Mtu ninayemtamani ndiye huyu ninayezungumza naye."

Chiriku alilia, na hakuficha kwamba analia. Alipotulia, lilimjia jambo. Kila wiki alimuuliza Mama swali lilelile, na kila wiki Mama alijibu jibu lilelile. Labda naye alikuwa akiuliza vibaya.

"Mama, jioni ukimaliza kazi, unakula na nani?"

"Peke yangu," alisema. "Jikoni, wenyewe wakishamaliza. Halafu nakwenda kulala na picha yako."

"Mbona husemi? Kila siku unasema hujambo kabisa."

"Kwa sababu ndivyo unavyoniuliza, mwanangu. Na niliogopa utanyong'onyea." Mama alicheka na kuvuta kamasi kwa pamoja. "Basi sote wawili tumekuwa tukidanganyana, kila mmoja akidhani anamtunza mwenzake. Sikiliza nikuambie. Uongo wa kumfurahisha mtu ni uongo vilevile. Unamzuia asijue unaumia wapi, na asiyejua hawezi kukusaidia. Wewe ulisema kweli ya karai, mtaa mzima ukapata pa kuanzia. Nasi tuanze hivyo. Uliza kile unachotaka kujua, na ukijibiwa, hata kama kinauma, vumilia."

Bibi alikuwa mlangoni, nguo mikononi, na safari hii hakujifanya anakunja chochote. Chiriku alijifuta macho.

"Nataka kujua unarudi lini," alisema.

Hilo lilikuwa swali ambalo miaka yote hiyo hakuwahi kuthubutu kuuliza. Mama angeweza kusema karibuni, au Mungu akipenda. Alivuta pumzi, akataja siku.