Vibati vya Kopo la Nyanya

Jumanne, tarehe kumi na mbili Mei, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Recho alirudi kisimani na ndoo kichwani, kama kila asubuhi, akamkuta baba yake, Longinus, amechuchumaa chini ya mninga. Mzinga ulikuwa chini, umepasuka ubavu. Masega yote yameliwa.

"Nyegere," alisema Longinus. Hakupaza sauti. Tangu afiwe na mkewe, nguvu za kupaza sauti alizimalizia kwenye foleni za maofisini, akifuatilia cheti cha kifo.

Asali ile ndiyo ingemnunulia Recho sare na godoro la bweni. Kwa ajili hiyo msichana mwenyewe alikuwa ametengeneza king'ora: kikopo cha plastiki, betri mbili na mlio wa saa ya mezani iliyokufa. Mzinga ukitikisika, msumari unaoning'inia ndani hugusa waya, nacho hulia hadi kikasikika nyumbani. Mara hii hakikulia.

"Si ulisema umekijaribu kwa kukitikisa?"

"Nilikitikisa, baba," Recho alijibu, macho chini.

Ukabaki mzinga mmoja. Mwaka juzi bwana nyuki, afisa wa serikali wa ufugaji nyuki, alifika hapo kijijini Kumsenga, akaandika majina, akaahidi nyaya za kuning'inizia mizinga ili nyegere asiifikie. Akapanda pikipiki yake, akaacha vumbi. Wakubwa hawa kalamu wanazo; nyaya ndizo hawana.

Jumamosi baba na binti walikwenda Kibondo mjini kwa Abdulrahmani, fundi redio aliyemwelekeza Recho namna ya kuunda king'ora. Alifungua kikopo, akacheka.

"Ala! Fundi mwenzangu, betri umezishikiza kwa kitu gani hapa?"

"Vibati vya kopo la nyanya."

"Sikukwambia usubiri nikutafutie springi?"

"Vilikuwa vinang'aa," Recho alinong'ona.

"Hata sufuria linang'aa!" Fundi alibonyeza kibati kwa kidole; kikalala, kikabaki kimelala. Kisha akabonyeza springi ya rimoti mbovu. Ikarudi juu mara moja. "Umeona? Bati la kopo ukilikunja, limekubali, halirudi tena. Halisukumi betri. Mzinga ukitikiswa, betri inahama, umeme unakatika. King'ora chako kinazimika saa ileile kinapotakiwa kulia. Tena likipata umande, kutu."

Alichomelea springi upande mmoja, na upande wa pili kipande cha shaba kilichosuguliwa. Longinus akakitikisa kikopo. Kikapiga kelele mpaka muuza vitenge jirani akachungulia.

"Zima, mzee, utatufukuzia wateja!"

Recho hakucheka. Alimshika baba yake mkono.

"Baba, sikukitikisa. Nilikijaribu kikiwa mezani. Nilipokiinua kilizimika, nikajua hakijakaa sawa, nikaona aibu kusema."

Longinus alikiweka kikopo juu ya meza ya fundi. Alionekana kama mtu aliyetembea mbali.

"Kibati kilikosea kwa kutojua," alisema. "Wewe ulijua. Ungeniambia hakijakaa sawa, ningelinda mzinga mwenyewe. Kazi mbovu inarekebishwa, mwanangu. Lakini ukisema imekamilika, unamwondoa mlinzi mlangoni."

Jioni walikifunga kwenye mzinga uliobaki. Siku ya tatu kililia. Longinus akatoka mbio na panga na mbwa, nyegere akakimbilia porini. Mzinga ulikuwa mzima, nyuki wamechachamaa.

Recho alikaza kamba, kisha akageuka.

"Baba, na yule bwana nyuki? Siku anaandika majina yetu, alijua kwamba nyaya haziji?"